Kununua kiwanja kando ya mto Arusha na Moshi: pima kabla hujalipa

Makosa ni yale yale kila mwaka. Mtu anaoneshwa eneo mwezi wa tisa, mto umetulia, kivuli kizuri, dalali anamwambia "hapa maji hayakauki, bosi". Analipa. Masika ya kwanza ndiyo yanayomwonesha mto unapita wapi hasa, na akianza kujenga anakuta X nyekundu imechorwa ukutani.

Mwongozo huu ni wa anayetaka eneo linalopakana na mto, korongo, chemchemi, ziwa au bwawa: kuanzia Themi, Naura, Ngarenaro na Burka upande wa Arusha, hadi Karanga, Rau, Weruweru na Kikafu upande wa Moshi. Fuata hatua kwa mpangilio huu. Zile zisizo na gharama zimetangulia makusudi, ili eneo bovu uligundue kabla hujamlipa wakili.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Tepu ya mita 50 au 100, kamba, timazi na vigingi kumi na tano hivi
- Mpira wa levo, ule mwembamba unaoona maji ndani, mita 15 hadi 20
- Sululu, koleo na dumu mbili za maji za lita 20
- Chupa mbili safi za plastiki za lita moja na nusu: moja ya udongo, nyingine ya sampuli ya maji
- Rula, saa, daftari, buti
- Kutoka kwa muuzaji: kitambulisho chake cha NIDA na, kama eneo limepimwa, nakala ya hati au barua ya toleo pamoja na ramani ya upimaji

Muuzaji akisita kutoa hata nakala ya ramani, usiende hatua ya kwanza. Umeokoa nauli.

## Hatua ya 1: Toa mita 60

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo, katika kifungu cha 7, inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ziwa miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Kuwa na hati hakukupi ruhusa ya kujenga humo. Jirani aliyejenga mita kumi kutoka majini si ushahidi wa kitu chochote, isipokuwa kwamba bado hajafikiwa.

Sasa fanya hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6, zile hatua 70 kwa 70 za mtaani. Ikiwa upande mmoja wa ekari hiyo unagusa mto, ukitoa mita 60 unabaki na ukanda wa mita 3.6. Umelipia ekari nzima, ukapata mahali pa kuegesha gari. Kiwanja cha 20 kwa 20 kinachogusa mto hakibakizi hata jiwe la msingi. Na eneo lililo katikati ya vijito viwili, lile ambalo madalali hulisifia kuliko yote, hukatwa pande zote mbili.

Namna ya kupima. Anzia juu ya ukingo, pale maji ya masika yanapojaa mtoni, si pale maji yalipo siku hiyo. Pima kwa pembe mraba na mkondo. Tepu iwe mlalo, isilale juu ya ardhi ya mteremko: kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 60 za tepu iliyolala chini ni mita 52 tu kwenye ramani. Mahali pa mteremko nenda vipande vya mita 5, tepu imenyooka, timazi likikuonesha pa kuweka kigingi kinachofuata. Rudia sehemu tatu au zaidi, maana mto hupinda, kisha unganisha vigingi kwa kamba.

Onyo. Usitegemee simu kwa kipimo hiki. GPS ya simu hukosea mita kadhaa hata mahali pa wazi, na chini ya migomba na miti mikubwa huzidi. Tepu inakupa picha ya awali. Neno la mwisho ni la mpima ardhi aliyesajiliwa.

Umefaulu ikiwa nyuma ya kamba panabaki mahali pa nyumba, karo la maji taka na njia ya gari, bila kubana kimoja kati ya hivyo. Ikiwa hapatoshi, ishia hapo.

Maziwa na mabwawa yana mtego wao. Ziwa Duluti pale Tengeru limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwa hiyo anayekuuzia kiwanja "kinachogusa ziwa" anauza mali ya umma. Nyumba ya Mungu ni bwawa lililojengwa miaka ya 1960, na kina chake hupanda na kushuka. Mwaka wa ukame maji husogea mbali, na ardhi inayobaki wazi mbele yako si yako. Ukilima humo, bwawa likijaa hutadai fidia kwa mtu.

## Hatua ya 2: Soma mto ulivyofika, si ulivyo

Mito yetu inatoka mlimani, na hilo linabadilisha kila kitu. Mvua ikinyesha Kibosho na Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, maji huteremka hadi Mabogini na Kahe kule tambarare, hata kama huko ni jua kali. Vivyo hivyo mvua ya miteremko ya Meru huishia kusini mwa Jiji la Arusha. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo kata ya Muriet na watoto wakapoteza maisha. Korongo kavu lihesabu kama mto, hata kama mbuzi wanalala humo miezi minane.

Tafuta alama hizi, kuanzia majini kwenda juu:

- Nyasi kavu, mifuko ya plastiki na vijiti vilivyonasa kwenye matawi au kwenye uzio. Urefu wake kutoka chini ndio kina cha maji yaliyopita.
- Mstari wa tope kwenye kuta za majirani. Rangi mpya chini ya ukuta wa zamani inatakiwa kukutia shaka.
- Mawe ya mviringo na mchanga mahali palipo mbali na mkondo.
- Matete na mafunjo "katikati ya shamba". Hapo maji yapo karibu mwaka mzima.

Halafu uliza watu, ila chagua wa kuuliza. Dalali na mjumbe anayegawiwa na dalali hawafai. Muulize mama anayelima mboga bondeni, kijana wa bodaboda anayejua barabara inakatika wapi, mzee aliyezaliwa pale. Swali lisiwe "hapa panafurika?", kwa sababu jibu litakuwa "hapana". Uliza: "Mzee, mwaka wa El Nino, 1998, maji yalifika wapi? Na masika ya 2024?" Mwombe akuoneshe kwa kidole, weka kigingi hapo. Wakikuonesha watu watatu mahali pamoja, hiyo ndiyo alama yako.

Pima kimo. Jaza mpira wa levo maji, toa mapovu yote, shika ncha moja kwenye alama ya juu kabisa ya mafuriko, nyingine upeleke kwenye kigingi kuelekea mahali pa kujenga. Maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja; andika tofauti, songa mbele, rudia. Ushauri wetu: sakafu ya nyumba iwe angalau mita moja juu ya alama hiyo. Kama itabidi kujaza kifusi ili kufikia kimo hicho, gharama ya kifusi na ukuta wa kuzuia ni sehemu ya bei ya kiwanja.

Angalia ukingo wenyewe. Mto unapopinda, upande wa nje hukatwa na upande wa ndani hupokea mchanga. Ukiona mizizi inaning'inia hewani, udongo uliokatwa wima ukiwa bado mpya, au nyufa zinazokwenda sambamba na mto mita chache kutoka ukingoni, ardhi hiyo inasafiri. Kama malori yanachota mchanga karibu, itasafiri haraka zaidi: mchanga ukitolewa mtoni kitanda hushuka, na kingo hufuata.

Tembea pia hadi kwenye kalvati au daraja lililo upande wa chini, kule mto unakoelekea. Kalvati dogo lililojaa taka hugeuka bwawa siku ya mvua kubwa, na maji hurudi nyuma hadi kwako. Hili husahaulika kuliko yote, nafikiri kwa sababu kalvati halipo kwenye kiwanja.

Umefaulu ikiwa umeliona eneo mara mbili, kiangazi na mwishoni mwa Aprili, na hadithi ya majirani inalingana na alama za ardhini. Muuzaji anayesema kuna mteja mwingine anakuja kesho na hela mkononi, mwache apokee hela hizo.

## Hatua ya 3: Chimba

Omba ruhusa, kisha chimba mahali unapotaka kujenga, nje ya kamba ya mita 60.

Kina cha maji ya ardhini. Shimo la mita 2, liache usiku mmoja. Maji yakijitokeza ndani ya mita moja na nusu wakati wa masika, karo la kawaida litafurika na msingi utanyonya unyevu kila mwaka.

Aina ya udongo. Jaza theluthi ya chupa kwa udongo wa kina cha msingi, ongeza maji karibu kujaa na sabuni ya unga kidogo, tikisa vizuri, tuliza. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa mbili, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene kuliko mengine, au ukiona kiangazi ardhi nyeusi imepasuka nyufa za kuingiza vidole, msingi wa kawaida wa mawe utavunjika: udongo huo huvimba na kusinyaa. Unahitaji mhandisi, na mfuko mzito zaidi.

Uwezo wa kunyonya. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 75. Jaza maji, liache lilowe usiku kucha. Asubuhi weka maji ya sentimita 15 na upime muda yanaposhuka sentimita 2.5. Yakichukua zaidi ya dakika 60, shimo la kunyonya halitafanya kazi hapo. Yakishuka chini ya dakika moja, usishangilie: maji taka yako yatapita kwenye mchanga bila kuchujwa na kuingia mtoni, ambako kuna mtu anachota.

Wengi hukosea kwa kuruka usiku wa kulowesha. Udongo mkavu hunywa kila kitu, na kipimo kinadanganya.

## Hatua ya 4: Maji kuwepo si maji kufaa

Maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano kuzunguka Meru yana floraidi nyingi. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia tunayoijua wote, na ikizidi kwa miaka huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Huwezi kuiona, kuionja wala kuinusa, na kuchemsha hakuiondoi. Huikoleza, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki.

Chukua lita moja kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, upeleke maabara ya ubora wa maji. Kwa kipimo cha vijidudu omba chupa maalumu maabara, iweke kwenye baridi na uifikishe siku hiyo hiyo. Kama floraidi imezidi, utahitaji chujio la mkaa wa mifupa au bomba la mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi. Uliza bomba la karibu liko mita ngapi.

Tena, kupakana na mto hakukupi maji ya mto. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 maji ni mali ya umma. Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja. Ukifunga pampu, ukachepusha au ukaweka banio, unahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi.

Na ukinunua upande wa Uchagani, angalia kama mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga wa kumwagilia, unapita ndani ya eneo. Mfongo una wenyewe na una zamu. Huwezi kuuziba, kuuhamisha wala kujenga juu yake kwa sababu tu umenunua ardhi pande zote mbili. Muulize anayesimamia zamu, si muuzaji.

## Hatua ya 5: Jua anayeuza ni nani

Eneo lililopimwa. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Linganisha na NIDA, herufi kwa herufi. Kagua pia deni la kodi ya pango la ardhi, kwa sababu deni hufuata kiwanja.

Ardhi ya kijiji. Hapa inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mwenyekiti peke yake hauzi ardhi, na muhuri wake si hati. Wewe kama si mkazi wa kijiji unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Omba nakala ya muhtasari wenye sahihi na tarehe. Ile "asilimia kumi ya serikali" inayodaiwa sehemu nyingi, ikitajwa, omba uoneshwe imeandikwa wapi na udai stakabadhi ya halmashauri. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Kihamba (shamba la ukoo la Kichaga) au ardhi ya urithi. Kaka mkubwa kuishi pale hakumfanyi mmiliki. Kama mzee amefariki, lazima pawe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za warithi, mabinti wakiwemo. Kesi nyingi huanzia kwa dada aliyeolewa mbali ambaye hakuitwa.

Muuzaji mwenye ndoa. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya wakili, naye awepo mwenyewe.

## Hatua ya 6: Ofisi tatu, kwa siku mbili

1. Idara ya Mipango Miji ya halmashauri husika. Uliza mchoro wa mipango miji unalitaja eneo hilo kuwa la nini. Ukikuta limeandikwa hifadhi ya mto au eneo la wazi, hakuna kibali cha ujenzi kitakachotoka. Hakikisha pia uko kwenye halmashauri sahihi: wengi wanaosema "Arusha mjini" wako Arusha DC au Meru, na wa "Moshi" wako Moshi DC au Hai.
2. Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Uliza kama mto au chemchemi hiyo imewekewa mipaka ya hifadhi, na wao wanahesabu ukingo kuanzia wapi.
3. NEMC (Baraza la Usimamizi wa Mazingira), ofisi ya kanda. Muhimu kama unawaza loji, kambi ya watalii au bwawa la samaki, maana utahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujenga.

Andika barua na upate majibu ya barua. Neno la afisa mlangoni halisaidii chochote akihamishwa.

## Hatua ya 7: Kokotoa bei ya ardhi inayotumika

Tuseme kiwanja ni mita 20 kwa 100, upande mfupi ukigusa mto, kinauzwa shilingi milioni 30. Kwa mita za mraba 2,000 ni shilingi 15,000 kila moja. Toa mita 60: zinabaki 800, na bei halisi ni shilingi 37,500 kwa mita. Linganisha hiyo na kiwanja cha mtaa wa nyuma kisichogusa maji. Ongeza kifusi, msingi mzito, chujio na umbali wa bomba. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, mapatano ya bei huwa mafupi.

## Hatua ya 8: Mkataba, malipo, uhamisho

Mpima asimamishe bikoni zote, yaani alama za mipaka, mbele yako na ya muuzaji, na majirani wa pande zote wasaini. Mkataba uandaliwe na wakili, ukitaja ukubwa wa eneo lote na ukubwa wa lililo nje ya mita 60, kila kimoja kwa tarakimu.

Lipa kwa benki, kwa awamu, na bakiza sehemu hadi uhamisho ukamilike. Kwa ardhi yenye hati, fomu za uhamisho ni Na. 29, 30 na 35, pamoja na ripoti ya mthamini. Kwa upande wa TRA (Mamlaka ya Mapato), kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida na ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Mkataba useme nani analipa nini, vinginevyo mzigo wote utakuangukia wewe mwenye haraka.

Onyo. Usikubali kuandika bei ya chini "kupunguza kodi". Mauzo yakivunjika, utadai kile tu kilichoandikwa.

Ndani ya ukanda wa mita 60 unaweza kuacha uoto wa asili na kupanda miti inayotunza ukingo, kama mikuyu na mianzi. Mikaratusi usipande, hunywa maji mengi.

Umefaulu ikiwa, baada ya usajili, umeomba upekuzi mpya kama mtu baki, na jina lililotoka ni lako.